Kuikiri Huzuni: Majibu kwa Wasomaji Watatu

Barua tatu ninazozijibu mwezi huu zimetoka Tanga, Kakamega na Kampala. Waandishi wake hawajuani, lakini nilipozisoma mfululizo niliona kwamba wote watatu wamechoshwa na kazi moja, nayo ni kazi ya kusukumana na hisia zao wenyewe. Kila mmoja ameelekezwa na mtu anayemwamini namna ya kupata utulivu wa moyo, amejaribu kwa bidii, ameshindwa, kisha amejilaumu. Nimezifupisha barua na kuondoa yale yanayoweza kuwatambulisha.

Sijalia tangu siku ya matanga

Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mama yangu mzazi alifariki miezi minne iliyopita. Siku za matanga nilizungukwa na watu, na matanga yalipoanuliwa kila mmoja aliniaga kwa neno lile lile: jikaze, una watoto. Nimejikaza, wala sijalia tangu siku ile. Lakini juzi nikiwa soko la Mgandini nilimwona mwanamke akichagua bamia kwa kuvunja ncha zake, kama alivyokuwa akifanya mama, miguu ikaniisha nguvu hata nikaacha kikapu changu pale pale. Nyumbani nimekuwa mkali mno kwa watoto. Nilitazama mafunzo ya taamuli kwenye simu, msemaji akasema nifunge macho na kuyaondoa mawazo yote. Mimi kila nikijaribu ndipo yanapozidi. Dada yangu mkubwa naye amenionya kwamba hiyo ni ibada ya dini nyingine. Je, utulivu nitaupata wapi?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama. Nianze na zile bamia, kwa sababu nadhani zimekutisha kuliko msiba wenyewe. Hakuna kilichoharibika katika akili yako pale sokoni. Ulikuwa umeifungia huzuni mlango kwa miezi minne, na vidole vya mwanamke usiyemjua vikaufungua. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilirudi wodini siku ya nane, sare imepigwa pasi, na wauguzi wenzangu wakanisifu kwa ujasiri; nilikuja kulia baada ya miezi sita, kwa sababu ya kandambili zake nilizozikuta nyuma ya pipa la maji. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nakuelewa, naomba uniamini.

Wazee wetu wa pwani waliotuachia desturi ya matanga walijua jambo ambalo sisi tumeanza kulisahau. Mikeka hutandikwa, watu hukaa na kulala chini, majirani hushika jiko, na hakuna anayemtaka mfiwa achangamke. Huzuni hupewa mahali pake na siku zake, mbele ya watu, bila ya aibu. Tatizo haliko katika desturi hiyo, bali katika yanayofuata, kwa kuwa mikeka ikishakunjwa tunatarajia huzuni nayo ikunjwe, na anayeendelea kulia baada ya hapo tunamwona dhaifu, au mtu asiyeridhika na kudra ya Mungu.

Neno uliloagwa nalo lilitoka katika mapenzi, sina shaka. Lakini mtu anayejikaza kutwa nzima hulipa, na malipo hayo hutoka mwilini. Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ndani yake wanawake vijana walionyeshwa filamu, zikiwamo za kuhuzunisha, na baadhi yao wakaombwa wazizuie nyuso zao zisionyeshe lolote. Nyuso zilitii. Huzuni waliyoihisi haikupungua, na wakati huo huo moyo na mishipa ya damu vilionyesha dalili za kusukumwa zaidi kuliko kwa wale walioachwa watazame kwa hiari yao. Ukali unaouona kwako jioni, pale mtoto anapomwaga uji nawe ukapaza sauti kana kwamba ameiangusha nyumba, huenda ukawa uchovu wa kazi hiyo ya siku nzima ambayo hakuna anayeiona.

Sasa ufanye nini badala ya kujikaza? Mafunzo mengi ya utulivu wa moyo hutumia neno "kukubali", na mimi nililitumia kwa miaka mingi mpaka nilipogundua kwamba linawapotosha watu, kwa sababu katika Kiswahili anayekubali ni anayeridhia. Posa hukubaliwa, na zawadi hukubaliwa. Hakuna binti anayepaswa kuambiwa aridhie kufiwa na mama yake. Siku hizi nasema "kukiri". Anayekiri deni hasemi kwamba analipenda wala kwamba ni la haki. Anasema tu kwamba halikani tena. Kuikiri huzuni ni hivyo hivyo: ipo, iko hapa kifuani, ina uzito huu, na leo asubuhi imekuwa nzito kuliko jana. Anayeikiri halazimiki kuipenda, ila ameacha kutumia nguvu zake kuisukuma.

Hapo ndipo ulipopotezwa na mafunzo ya kwenye simu. Uzingativu, ambao ndio taamuli uliyokuwa ukiitafuta, ni kuyaelekeza mawazo kwa upole kwenye kile kinachotokea sasa hivi, ndani yako na mbele yako, bila ya kukihukumu. Haumtaki mtu aifute akili kama anayefuta ubao, kwa sababu akili haifutiki. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele ziliendelea kulia. Walipoambiwa baadaye kwamba sasa wako huru kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakuanza kwa kukatazwa. Wewe umekuwa ukijikataza mama yako kwa miezi minne. Ni ajabu gani basi kwamba amekujia kati ya bamia?

Nakupa zoezi lingine, la jikoni. Unapochagua mchele, kaa na ungo wako mahali penye mwanga, zima redio, na kwa dakika kumi tu iwe kazi yako ni mchele. Tazama punje, sikiliza sauti yake unapoutikisa ungo, hisi vumbi lake kwenye ncha za vidole. Mawazo yatatoka, yatakwenda kwa mama, kwa ada ya shule, kwa maneno ya jana. Ukigundua kwamba yametoka, sema kimoyomoyo yalikokwenda, "nilikuwa kwa mama", kisha rudi kwenye punje zilizo mbele yako. Yakitoka mara hamsini, rudi mara hamsini, kwa maana huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, wala usikuhesabu kuwa kushindwa. Donge likipanda kooni, weka ungo chini, weka kiganja pale panapouma, uvute pumzi polepole mara tatu au nne bila ya kulilazimisha donge lishuke. Machozi yakija, yaache yaje. Wewe wa Tanga umeyaona mawimbi tangu utotoni: hupanda, hufika kimo chake, kisha hushuka, na anayechoka ni yule anayejaribu kuyazuia kwa mikono.

Onyo la dada yako silidharau. Ni kweli kwamba mazoezi haya yana mizizi ya kale katika dini ya Kibudha. Namna inayotumika leo hospitalini ilianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo dawa hazikuweza kuyamaliza. Aliwafundisha kwa wiki kadhaa kuyatazama maumivu yao badala ya kupigana nayo, na mafunzo hayo hayakuwa na mungu wa kuombwa wala maneno ya kuabudu. Unapochagua mchele huabudu kitu. Tena mwenye kujitahidi kupata khushuu katika sala anaijua vizuri kazi hii ya kuurudisha moyo kila unapotoroka. Kuhusu machozi, Waislamu wanakumbuka kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa alieleza kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ilhali ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Wakristo nao wanakumbuka kwamba Yesu alimlilia Lazaro, ingawa alikuwa karibu kumfufua. Sioni ni imani gani kati ya hizo inayokudai uso mkavu.

Watoto wako nao wamefiwa na bibi yao, na wamekuwa wakikutazama wewe ili wajue kama inaruhusiwa kumtaja. Mtaje. Wapikie bamia, uwaambie alivyokuwa akizichagua.

Nakuomba jambo moja zaidi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, huwezi kufanya kazi zako za kawaida, au likikujia wazo kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje toleo lijalo la gazeti hili. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ukaombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Kuchagua mchele hakuwezi kuchukua nafasi ya tiba.

Je, kuyapokea yote si kujidhalilisha?

Kwako Mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Kakamega. Mwalimu mkuu wetu hunikaripia mbele ya wanafunzi, nami hunyamaza kwa kuwa nina hasira ambazo nikizifungulia sijui zitafika wapi. Nikifika nyumbani namfokea mke wangu kwa jambo dogo kama chai iliyopoa, halafu nakesha nikijuta. Katika semina moja tuliambiwa kwamba amani huja kwa mtu kuyapokea mambo yote jinsi yalivyo. Nimelelewa nikiambiwa kwamba mwanamume halii, na sasa naambiwa nipokee matusi. Je, huko si kujidhalilisha?

*Jibu:* Mwalimu, swali lako ni la haki. Nimemwandikia binti wa Tanga kuhusu tofauti ya kukubali na kukiri, na kwako tofauti hiyo ni muhimu zaidi. Unachopaswa kukikiri ni hisia iliyo ndani yako, kwa kuwa imekwisha kuwapo. Tendo la mwalimu mkuu ni jambo jingine kabisa, na hakuna utulivu wa kweli unaomtaka mtu aridhie kudhalilishwa. Aliyewaambia mpokee yote jinsi yalivyo, bila ya kuitaja tofauti hii, aliwatwisha mzigo usio wenu.

Katika barua yako nzima umetumia neno "hasira" mara tano, nami naomba uichunguze hasira hiyo kwa karibu. Lugha yetu haikutunyima majina: kuna hasira, ghadhabu, kinyongo, uchungu, soni, fedheha, simanzi, jitimai, fadhaa na kiwewe, na kila moja hukaa mahali pake mwilini na hutaka jambo lake. Uchungu hutaka kusikilizwa, na kinyongo hungoja siku yake. Fedheha hutaka mtu ajifiche, na kwa kuwa mwanamume aliyelelewa kama wewe hana ruhusa ya kujificha wala ya kulia, mara nyingi huifunika kwa hasira, ambayo angalau inafanana na nguvu. Nikiyasoma maneno yako kuhusu wanafunzi waliokuwa wakikutazama, naona fedheha kwanza na hasira baadaye. Wewe ndiwe utakayethibitisha kama nimekosea.

Kulipata jina sahihi si jambo dogo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakiupima ubongo wao. Watu walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo katika uso, amigdala, ile sehemu ndogo ya ubongo inayotuamsha kwa hofu na tahadhari, ilipunguza shughuli zake. Haikuzimika, ilipungua tu. Na upungufu wa kadiri hiyo mara nyingi unatosha kumfanya mtu achague neno lake la kwanza anapovuka kizingiti cha nyumba yake.

Kwa hiyo, jioni usiingie ndani moja kwa moja. Simama langoni kwa dakika mbili. Tazama joto lililo usoni, ngumi zilizojikunja ndani ya mifuko, taya zilizobana, kisha ulitaje linalozijaza: "Leo nimefedheheshwa." Ukishaingia, mwambie mkeo sentensi hiyo hiyo, kabla ya chai. Najua kwamba kwa mwanamume wa malezi yako sentensi hiyo ni ngumu kuliko kubeba gunia la mahindi. Lakini mkeo hakukukosea, na hapaswi kulipa deni la mwalimu mkuu. Umwombe radhi kwa yaliyopita, waziwazi, bila ya kuongeza "lakini".

Shuleni nako kuna la kufanya, na utalifanya vizuri zaidi ukiwa umetulia. Andika tarehe na maneno ya kila tukio. Omba kuonana na mwalimu mkuu faraghani, ukiwa na naibu wake au mwakilishi wa chama cha walimu, umweleze kwamba uko tayari kusahihishwa, ofisini, na wala si mbele ya wanafunzi. Asiposikia, yapeleke maandishi yako ngazi ya juu.

Na hilo la kwamba mwanamume halii, nalikataa kabisa. Nimewahudumia wanaume wengi wodini, na waliolia mikononi mwetu hawakuwa pungufu kwa lolote.

Nikifunga macho nasikia risasi

Mama Mshauri, nakusalimu sana. Nilikimbia vita Kivu Kaskazini, sasa naishi Kampala pamoja na wadogo zangu wawili. Kanisani kwetu kuna kikundi ambacho hukaa kimya kwa dakika ishirini, macho yakiwa yamefungwa, kila mtu akiusikiliza moyo wake. Wenzangu wanasema wanapata amani. Mimi nikifunga macho nasikia milio ya risasi, mwili unatetemeka, natoka nje mbio. Anayetuongoza ameniambia niendelee tu, kwamba ninakwepa maumivu yangu. Je, nina kasoro gani?

*Jibu:* Huna kasoro, ndugu yangu, na nakuomba usiendelee na zoezi hilo kwa namna hiyo. Mwili wako ulijifunza kule Kivu kwamba kimya na giza huenda vikatangulia hatari, na ulijifunza vizuri, ndiyo maana uko hai. Unapoufungia macho na kuunyamazisha, unaurudisha kwenye usiku ule bila ya kuupa njia ya kutoka. Anayekuongoza ana nia njema lakini amekosea. Kuikiri hofu hakumaanishi kuikodolea macho yote kwa mkupuo mmoja. Hukiriwa kwa kipimo, kidogo kidogo, mtu akiwa amesimama mahali salama.

Kwa hali yako uzingativu huanza nje ya mwili, tena macho yakiwa wazi. Kaa karibu na mlango. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, ukizibonyeza mpaka uhisi ugumu wake. Taja kwa sauti ya chini vitu vitano unavyoviona: kiti, pazia, kiatu cha jirani, mti, dirisha. Sikiliza sauti za hapo ulipo, bodaboda, mtoto anayeita, sufuria. Shika kitu chenye ubaridi. Kisha jiambie: "Hofu imekuja, kumbukumbu za risasi zimekuja, nami niko Kampala, leo ni Jumapili." Mabaharia hutia nanga wakati wa dhoruba, dhoruba haikomi kwa sababu hiyo, ila chombo hakichukuliwi. Dakika mbili zinatosha kwa kuanzia, na ukizidiwa unainuka kutembea bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Nakuandikia haya nikikumbuka kazi iliyofanyika huko huko Uganda. Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya vikao vitano kwa watu waliopatwa na madhila makubwa, yanayotolewa kwa vikundi kwa kutumia sauti zilizorekodiwa, na kuongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Yalijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, katika utafiti uliowahusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Kujishikiza ardhini, kama nilivyokueleza, ni stadi ya msingi katika mafunzo hayo, pamoja na kuipa hisia nafasi na kutenda lile ambalo mtu analithamini hata kama maumivu bado yapo. Dhiki ya moyo ilipungua kwa waliohudhuria kuliko kwa wasiohudhuria, na baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa imepungua. Nakutajia na upungufu huo kwa makusudi, ili ukiona nafuu yako inakuja na kurudi nyuma usidhani umeshindwa peke yako.

Hata hivyo, milio inayokurudia, kutetemeka na kukimbia ni mambo yanayostahili mtaalamu. Kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe eleza hayo kama ulivyoniandikia mimi, uombe rufaa. Kwa Kampala hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Butabika. Kanisani usiache kwenda kama ndugu zako wako pale, ila mwambie kiongozi wa kikundi kwamba wewe utakaa karibu na mlango, macho wazi, ukiutazama mti ulio nje. Na wadogo zako, ikiwa nao huamka usiku, wafundishe hili la kubonyeza miguu sakafuni kabla hamjalala. Lifanyeni pamoja, taa ikiwa bado inawaka.